Siku Sita za Kazi Nazo ni za Mungu

Wako Wakristu wanaoligawa juma mafungu mawili: Dominika ni ya Mungu, siku sita ni zao wenyewe. Mama aliyeshinda shambani na jikoni huhuzunika jioni akisema, "Leo sikupata hata nafasi ya kumkumbuka Mungu." Mwenye duka naye hupunguza kipimo cha sukari bila kuona haya, akidhani kwamba mambo ya mizani hayaingii kanisani. Mama ana huzuni isiyo na sababu, mwenye duka ana amani isiyo na haki. Lakini kosa lao ni moja. Wote wawili wanafikiri kwamba Mungu hayumo katika kazi za kila siku.

Tuutazame mfano wa Bwana wetu. Mwinjili Luka atuambia kwamba alipoanza kazi yake, umri wake ulikuwa kama miaka 30. Karibu miaka hiyo yote aliishi Nazareti akiwatii Maria na Yosefu, na watu wa kwao walimjua kuwa ni seremala. Je, miaka hiyo ilipotea bure? Hasha! Alipobatizwa mtoni Yordani, sauti ya Baba ilitangaza kwamba amependezwa naye, na wakati huo alikuwa hajaanza kuhubiri wala kutenda miujiza mbele ya watu. Tena, alipofundisha, alichukua mifano yake nyumbani: chachu ambayo mwanamke huichanganya na pishi tatu za unga, taa juu ya kinara, kiraka cha nguo, ufagio wa yule mama aliyeitafuta sarafu yake. Aliyelelewa katika nyumba ya kazi aliuona Ufalme wa Mungu hata katika unga.

Kanisa halikuacha kutukumbusha somo hili. Mwaka 1844, huko Vals nchini Ufaransa, vijana Wayesuiti waliokuwa masomoni walitamani mno kwenda misioni. Padre François-Xavier Gautrelet aliwafundisha kumtolea Mungu masomo yao na taabu zao za kila siku kwa ajili ya misioni hizo. Ndivyo ulivyoanza Utume wa Sala, ulioeneza duniani desturi ya kumtolea Mungu siku nzima tangu asubuhi.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu alipokuwa akifua na watawa wenzake, mmoja wao alimrushia maji machafu usoni kila mara. Hakurudi nyuma wala hakunung'unika. Alilipokea jambo hilo kwa upendo. Hakwenda misioni kamwe, lakini mwaka 1927 Papa Pio XI alimtangaza kuwa msimamizi wa misioni.

Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba kazi za walei, maisha yao ya ndoa, hata mapumziko yao, yakifanywa katika Roho Mtakatifu, huwa sadaka inayotolewa pamoja na Mwili wa Bwana katika Misa. Basi, mama aliyelima na kupika kwa ajili ya Mungu asihuzunike. Amemtolea sadaka.

Yatupasa kufanya nini? Asubuhi, kabla ya kushika jembe au kuwasha moto, tufanye ishara ya msalaba na kumtolea Mungu siku yetu kwa maneno machache. Mchana, kazi ikiwa nzito, tuikumbuke Nazareti. Jioni, baba, mama na watoto wapige magoti pamoja, kila mmoja ajiulize: Leo nimempa Mungu nini?

Lakini tuangalie sana! Kitu cha wizi hakitolewi sadaka. Kipimo kilichopunguzwa, ukuta uliojengwa kwa saruji pungufu, mshahara wa mtumishi uliozuiwa kwa makusudi, hayo yote hayana mahali altareni. Anayemtolea Mungu siku yake asubuhi, sharti ailinde iwe safi hata jioni.

Dominika tukiona mkate ukiletwa altareni, tukumbuke kwamba ngano yake ililimwa, ikasagwa na kuokwa na mikono ya watu katika siku za kazi. Pamoja na mkate huo tuziweke siku zetu sita mbele ya Mungu, naye atazipokea.