Berlin Jua Linapochelewa Kuzama

Mgeni anayefika Berlin kati ya Juni na Agosti hupewa orodha ileile: Lango la Brandenburg, mabaki ya Ukuta, kisiwa cha makumbusho, mnara wa televisheni wa Alexanderplatz. Vyote vinastahili kuonwa. Lakini anayeifuata orodha hiyo kutwa, siku baada ya siku, ataondoka ameyaona majengo bila kuwaona wenyeji, kwa sababu wakati yeye amesimama kwenye foleni wenyeji wameketi kando ya maji, kwenye majani na juu ya madaraja. Mwongozo huu unashikilia kwamba raha ya Berlin majira ya joto ni mali ya umma. Iko kwenye bustani, maziwa na mifereji ambako hakuna anayehitaji mwaliko, na gharama yake ni ndogo. Inachodai ni kitu ambacho wasafiri wengi hukibania sana, nacho ni muda: kuchagua mahali pachache, kukaa, na kurudi hapohapo kesho yake saa ileile.

Jua ndilo linalopanga kila kitu. Berlin iko nyuzi 52 kaskazini mwa ikweta. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na anga huweza kukaa na rangi ya jivu wiki nzima. Juni mambo hugeuka: linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu na nusu usiku, kisha weupe hubaki angani kwa muda mrefu. Anayekumbuka Desemba haoni ajabu kwamba mji mzima huhamia nje. Na mwanga huo ndio jibu kwa wanaosema kwamba msafiri mwenye siku nne au tano hawezi kuzimaliza kwa kukaa kwenye majani. Siku ya Juni ina karibu saa 17 za mwanga, na haimlazimu mtu kuchagua kati ya kuona na kukaa. Saa kumi na mbili asubuhi Lango la Brandenburg halina msongamano na hewa bado ni baridi. Makumbusho yanafaa adhuhuri, jua linapokuwa kali na vyumba vya kulala, ambavyo vingi havina viyoyozi, vimeshapata moto. Kuanzia saa kumi na moja jioni watu wanatoka kazini, mji unaanza kuketi, na hapo mgeni awe amekwisha kuifunga orodha yake. Mwislamu akumbuke kwamba magharibi ya Juni huingia saa tatu na nusu usiku na isha huchelewa mno, hivyo usingizi kidogo wa mchana humsaidia. Kila mtu abebe sweta hata kama mchana ulikuwa wa joto, kwa kuwa usiku hupoa haraka na mvua ya radi huweza kuja bila kupiga hodi.

Mahali pa kuanzia, kama ni lazima kutaja mahali pamoja tu, ni Tempelhofer Feld. Huu ulikuwa uwanja wa ndege, uleule ulioilisha Berlin ya Magharibi kwa ndege za mizigo wakati Wasovieti walipozifunga njia za nchi kavu mwaka 1948 na 1949. Ulifungwa Oktoba 2008, na Mei 2010 malango yalifunguliwa kwa umma kama bustani ya zaidi ya hekta 300. Mwaka 2014 serikali ya mji ilitaka kujenga nyumba pembezoni mwake. Wananchi wakapiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 ya waliopiga wakasema uwanja ubaki mtupu. Mji wenye uhaba wa nyumba na kodi zinazopanda uliamua kutojenga hapo, na ubishi juu ya uamuzi huo haujaisha hadi leo. Mgeni hahitaji kuchukua upande, ila ajue kwamba anapotandika kanga yake kando ya njia ya kurukia ndege, amekaa juu ya kitu ambacho watu hawa walikipigania kwenye sanduku la kura. Jioni kuna watoto wanaojifunza baiskeli, vijana wenye tiara, wanaoteleza kwa magurudumu wakivutwa na upepo, wazee kwenye bustani za mbao zilizopandwa nyanya na alizeti, na familia zinazochoma nyama katika sehemu zilizotengwa kwa kazi hiyo. Kuchoma nje ya sehemu hizo hakuruhusiwi, na bustani nyingi za mji, Tiergarten ikiwemo, haziruhusu moto kabisa. Msikiti wa Şehitlik uko ukingoni mwa uwanja, barabara ya Columbiadamm. Malango hufungwa giza linapoingia, na walinzi hupita kuwakumbusha watu.

Hapa huja pingamizi zito zaidi: Wajerumani hawasalimii wasiowajua, basi mgeni atakaa bustanini peke yake kama alivyokaa hotelini. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kwenye treni ya Berlin hakuna atakayekujulia hali, na anayewaamkia watu wote ndani ya behewa atatazamwa kwa mashaka. Ila ukimya huo haumaanishi kwamba wamekukataa. Mjini humu watu huunganishwa na jambo wanalolifanya pamoja kabla ya kuunganishwa na mazungumzo, na majira ya joto huyaweka mambo hayo hadharani. Bustani nyingi zina meza za zege za mpira wa meza. Jioni watu kumi au zaidi huizunguka meza moja, kila mmoja anapiga mara moja na kukimbilia upande wa pili, anayekosa anatoka, na wawili wa mwisho wanamaliza kwa pointi. Kuingia hakuombwi kwa hotuba: unafika na kibao chako mkononi, unasubiri mzunguko mpya uanze, unajipanga. Kibao cha bei rahisi ni ununuzi bora kuliko tiketi ya basi la watalii. Kando ya mfereji, barabara ya Paul-Lincke-Ufer huko Kreuzberg, wazee na vijana hurusha mipira ya chuma kwenye kokoto hadi jioni sana. Anayesimama kutazama siku mbili, siku ya tatu huenda akaulizwa kama anataka kujaribu. Ndiyo maana nasisitiza kurudi. Hakuna anayeweza kumwahidi mgeni urafiki ndani ya wiki moja, na mwongozo unaoahidi hivyo unadanganya. Kinachowezekana ni kutambuliwa: muuza gazeti akajua unachonunua, mchezaji akakupisha kwenye foleni ya meza. Kwa msafiri hilo si dogo.

Taratibu nazo ni sehemu ya kutambuliwa huko. Daraja la Admiralbrücke, hukohuko Kreuzberg, linalionyesha hilo vizuri. Jioni za joto watu hujaa juu ya mawe yake, wakitazama jua likishuka upande wa mfereji, mmoja ana gitaa, mwingine sanduku la piza. Lakini juu ya daraja kuna madirisha ya watu wanaoamka kwenda kazini, na kelele za hapo zimezua ugomvi kwa miaka. Sheria ya mji inataka utulivu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hata kwenye Fête de la Musique, siku ya 21 Juni ambapo bendi hupiga bure barabarani kote mjini, muziki wa nje hunyamaza saa nne. Anayeinuka saa hiyo, au anayeshusha sauti, anafanya ambacho jirani mwema hufanya kwenye baraza la mtaa wowote. Anayebaki akipiga spika atachukiwa, na sababu haitakuwa ugeni wake.

Maji ndiyo utajiri mkubwa wa Berlin, na wageni wengi hawajui. Treni ya S1 inakushusha Schlachtensee, na ziwa liko hatua chache kutoka kituoni. Treni ya U3 inaishia Krumme Lanke, ziwa la jirani. Yote mawili yamezungukwa na msitu, na kuogelea ni bure. Ufuo wa Strandbad Wannsee una kiingilio, lakini una mchanga, waokoaji na vyoo, kwa hiyo unawafaa wenye watoto. Hilo la waokoaji lizingatiwe: kwenye maziwa ya bure hawapo, na kina huongezeka ghafla. Mto Spree katikati ya mji haumo kwenye hesabu, kwani kuogelea humo kumepigwa marufuku tangu 1925. Asiyetaka kulowa apande kivuko cha F10 kutoka Wannsee hadi Kladow: ni dakika 20 hivi juu ya maji, na tiketi ya kawaida ya usafiri wa mji inatosha. Vituo vya treni havina vizuizi vya kuingilia, jambo linalowaponza wageni wengi. Tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya safari, la sivyo mkaguzi asiyevaa sare atakutoza euro 60, na kusema hukujua hakutakusaidia.

Kuna wanaosema mapema kwamba starehe hizi si za watu wenye haya au wenye dini: maziwani watu wengine huoga uchi, bustanini kila mkono una chupa ya bia. Ni kweli yote mawili. Kuoga uchi ni desturi ya zamani hapa na hakuambatani na uchokozi. Sehemu zake kwenye fuo rasmi huwa na alama, na kwenye maziwa ya bure mtu husogea mita chache akapata anaokaa nao kwa amani. Kinachokatazwa ni kutazama kwa kukodoa macho na kupiga picha. Anayeogelea na nguo ndefu za kuogelea naye hana anayemzuia. Kuhusu kinywaji, hakuna anayehesabu ulichoshika. Juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi inauzwa kila mahali, na barabara ya Sonnenallee huko Neukölln ina chakula cha halali mlango kwa mlango. Jumanne na Ijumaa soko la Maybachufer, kando ya mfereji, huuza zeituni, mikate bapa, matunda na vitambaa, na jioni wauzaji huteremsha bei. Juni ni mwezi wa stroberi, na mashada meupe ya asparaga hupotea sokoni baada ya tarehe 24. Jumapili maduka makubwa yamefungwa, hivyo nunua Jumamosi, au tegemea vijiduka vya mitaani viitwavyo Späti. Chupa tupu usizitupe pipani. Zina amana, senti 8 kwa chupa nyingi za bia na senti 25 kwa chupa za plastiki za kutumika mara moja, na kuna watu wanaopata riziki kwa kuziokota. Ziweke chini, kando ya pipa. Ukifanya hivyo macho ya mtu asiyekujua yatakushukuru, na wewe utakuwa umeshaingia katika adabu ya mji.

Msafiri Mwafrika anastahili kuambiwa pia lisilopendeza. Polisi wa Berlin wana mamlaka kisheria ya kukagua vitambulisho bila kumshuku mtu jambo mahususi, katika maeneo wanayoyahesabu kuwa ya uhalifu, na Görlitzer Park, inayojulikana kwa biashara ya dawa za kulevya, ni mojawapo. Mweusi hukaguliwa kwa wepesi zaidi pale, na malalamiko juu ya hilo ni ya miaka mingi. Tembea na pasipoti, na ukitaka majani ya kukalia zipo bustani nyingine nyingi nzuri. Hiyo si sababu ya kujificha. Mji huu una historia yetu ndani yake, na sehemu ya historia hiyo iko mahali pazuri pa kupumzikia. Mbele ya nyumba namba 193 ya Brunnenstraße, karibu na bustani ya Weinberg, kuna jiwe dogo la shaba chini barabarani lenye jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyesaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu mjini hapa na kufia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Anayekwenda kukaa bustanini hapo apitie kwanza mbele ya nyumba hiyo.

Kaskazini zaidi, mtaa wa Wedding, kuna barabara za Sansibarstraße, Tangastraße na Ugandastraße, zilizopewa majina enzi za ukoloni na baada yake. Moja iliyokuwa na jina la Peters, ambalo Wanazi waliliweka mwaka 1939 kumtukuza mkoloni Carl Peters, iligawanywa na kubadilishwa Agosti 2024 baada ya miaka mingi ya madai. Kipande kimoja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mpigania uhuru wa Namibia, na kingine ni Maji-Maji-Allee, kwa kuwaenzi waliopigana kusini mwa Tanganyika kati ya 1905 na 1907. Kwa msomaji wa Kiswahili mwenye jioni moja tu ya kuamua, ningemshauri mtaa huu kuliko Alexanderplatz. Shuka treni ya U6 kituo cha Afrikanische Straße saa kumi alasiri, upite chini ya kibao cha Maji-Maji-Allee, kisha ingia bustani ya Rehberge. Ziwa Plötzensee liko jirani, na ufuo wake wenye kiingilio ndio mahali panaporuhusiwa kuogelea. Rehberge ina sinema ya wazi kati ya miti, na filamu haianzi hadi giza liingie, yaani si kabla ya saa tatu na nusu mwezi Juni. Angalia ratiba kabla ya kwenda, kwa kuwa filamu nyingi huonyeshwa kwa sauti ya Kijerumani na chache huachwa katika lugha yake ya asili. Beba kanga ya pili ya kujitanda, dawa ya mbu, na uhakikishe unajua basi la kurudia hupita saa ngapi.