Kulala Gesti Pwani: Somo kwa Sisi Tunaotoka Johannesburg

 

Kila ikifika Novemba, hapa Bellevue na jirani zetu wa Yeoville mambo hubadilika. Kando ya Rockey Street mabegi makubwa ya miraba yananunuliwa kwa wingi, na kila unayekutana naye anakuuliza, "Vipi, unakwenda nyumbani mwaka huu?" Wengi wetu tunaishia pwani hata kama kwetu si pwani. Mkongo wa Bukavu anakwenda kuonana na nduguze Dar es Salaam, Mkenya wa Kisii anawapeleka watoto wakaione bahari Mombasa, na Mtanzania wa Mbeya anavuka hadi Unguja kwa siku tatu. Nyumba ya shangazi imejaa na hoteli ni ghali, basi tunachukua gesti: chumba kimoja, feni, ndoo ya maji, na muziki wa baa mpaka alfajiri.

Sina neno na gesti, hata mimi nalala humo. Ila leo naomba tujifunze namna ya kulala humo na kurudi salama. Jambo kubwa la somo hili ni moja: DAMU YAKO SI ILE ULIYOONDOKA NAYO NYUMBANI.

YALIYONIPATA MWENYEWE

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Uuguzi nilianza kusomea Tanzania, kisha nikauendeleza huku Afrika Kusini. Miaka kadhaa iliyopita nililala siku sita katika gesti moja karibu na ufukwe, kaskazini mwa Mombasa. Chandarua kilikuwepo, lakini kilikuwa na tundu ambalo ngumi ingepita. Nikajisemea, "Mimi mtoto wa Tanga, mbu gani wa kunitisha?" Nikalala hivyo hivyo. Vidonge vya kinga sikuwa nimevinunua, nikiona ni mambo ya Wazungu.

Siku ya kumi na mbili baada ya kurudi Bellevue nikaanza kutetemeka, kichwa na mgongo vikauma. Ulikuwa msimu wa mvua, na watu wengi walikuwa wakikohoa. Nikasema ni mafua. Siku tatu nikameza paracetamol na chai ya tangawizi. Siku ya nne nilishindwa kupanda ngazi za jengo letu. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyeniuliza swali ambalo mimi huwauliza wagonjwa kila siku: "Sista, ulisafiri?" Nilipimwa nikakutwa na malaria, na nikalazwa siku tano.

Nawaeleza haya bila aibu. Kama muuguzi mzima alijidanganya, basi yeyote anaweza kujidanganya.

KWA NINI DAMU IMESAHAU

Aliyekulia pwani au kando ya ziwa huumwa malaria mara nyingi utotoni. Akiwa mtu mzima mwili wake unakuwa umejifunza kupambana, hivyo akiugua mara nyingi hapati ugonjwa mkali. Lakini kinga hiyo haikai milele. Inahitaji kukumbushwa na mbu mara kwa mara. Ukikaa mahali pasipo malaria inapungua, na baada ya miaka michache unakuwa karibu sawa na mgeni.

Johannesburg iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na si eneo la malaria. Malaria ya Afrika Kusini ipo hasa Limpopo, Mpumalanga na kaskazini mwa KwaZulu-Natal. Kwa hiyo wewe uliyekaa hapa miaka minane umeshapoteza silaha. Na mtoto wako aliyezaliwa hapa hakuwahi kuwa nayo. Unaweza kumwita Mtanzania au Mkongo, lakini mbele ya mbu wa pwani yeye ni sawa na mtoto wa Ulaya. Kwa mtoto mdogo, malaria inaweza kugeuka kali ndani ya siku moja tu.

KABLA YA SAFARI

1. Dawa ya kinga. Nenda duka la dawa au kliniki ya wasafiri wiki mbili au tatu kabla. Dawa mbili hutumika sana. Ya kwanza ni doksisaiklini. Unaanza siku moja au mbili kabla ya kufika, unameza kila siku, na unaendelea WIKI NNE baada ya kuondoka. Imeze pamoja na chakula na maji mengi, wala usilale hapo hapo. Dawa hii hufanya ngozi iungue haraka juani, kwa hiyo ufukweni vaa kofia na nguo ndefu. Haifai kwa mjamzito wala mtoto chini ya miaka 8. Ya pili ni atovakuoni-proguanili. Ni ghali zaidi, lakini baada ya kuondoka unaendelea siku 7 tu, na ipo ya watoto, ambayo hupimwa kwa kilo. Mwambie mfamasia dawa nyingine zote unazotumia. Kosa tunalofanya wengi ni kuacha vidonge siku tunayorudi, kwa sababu "mbu wameisha." Mbu wamebaki huko, lakini vimelea wanaweza kuwa tayari wamo mwilini.

2. Mjamzito. Malaria huweza kumuua mama na mtoto aliye tumboni. Kama safari inaweza kungoja, ingoje. Kama haiwezi, mwone daktari kwanza.

3. Kadi ya njano. Afrika Kusini hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Kongo zimo. Chanjo ipatikane siku 10 au zaidi kabla ya safari. Tangu 2016 cheti kinatambulika kwa maisha yote, kwa hiyo usikubali kuambiwa ulipie kingine eti cha zamani kimepitwa na wakati.

4. Dawa zako za kila siku. Anayetumia dawa za presha, kisukari au ARV abebe za safari yote na za wiki mbili za ziada, ndani ya mkoba wa mkononi. Begi la chini ya basi likipotea, dawa zisipotee nalo. Na usiziache kwa kuogopa ndugu wataziona.

DAKIKA KUMI ZA KUKAGUA CHUMBA

Usilipe kabla hujakiona chumba. Huo si ujeuri, ni haki ya mteja.

Anza na chandarua. Kifungue chote, kinyanyue kwenye mwanga, uangalie matundu. Je, kinafika chini ya godoro pande zote? Kama kimechanika, omba kingine. Kama hakuna, nunua chako chenye dawa siku hiyo hiyo; madukani vipo na bei yake haizidi ya kulazwa. Beba vipande vinne vya kamba, kila kimoja mita mbili. Chumba kisipokuwa na misumari utafunga kwenye nondo za dirisha, bawaba ya mlango na kabati. Chomeka chandarua chini ya godoro kabla giza halijaingia.

Kisha angalia madirisha kama yana wavu mzima. Washa feni, kwani mbu hawezi kuruka vizuri kwenye upepo, lakini kumbuka umeme ukikatika feni inalala na mbu wanaamka. Jenereta isiwe chini ya dirisha lako; moshi wake una hewa ya sumu ambayo huwezi kuinusa, na huua watu usingizini. Kwa sababu hiyo hiyo usiingize jiko la mkaa chumbani. Inua pembe ya godoro utazame mishono: vidoa vyeusi ni alama ya kunguni. Kunguni haleti malaria, lakini utawabeba hadi Bellevue.

Mwisho, chungulia ndoo na pipa la maji bafuni. Ukiona viluwiluwi, mwaga, sugua, funika. Hao ndio wanatuleta kwenye jambo linalofuata.

MBU WA MCHANA

Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Yupo mwingine, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kuzaliana katika maji safi: ndoo, matairi, vifuu vya nazi. Huyu ndiye analeta dengue na chikungunya. Dengue iliwasumbua sana watu wa Dar es Salaam 2014 na 2019. Mombasa nayo imepata dengue, na mwishoni mwa 2017 hadi 2018 ikapata chikungunya.

Si ugonjwa wa kigeni kwetu. Mwaka 1870 homa ya kuumiza viungo ilipoenea Zanzibar, daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka toka 1823. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba neno dengue lilitokana na jina hilo.

Chandarua cha usiku hakitoshi kumzuia mbu huyu. Paka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET mikononi na miguuni, asubuhi na jioni. Kama umepaka mafuta ya kuzuia jua, dawa ya mbu ije juu yake. Na ukipata homa ukiwa pwani usinunue diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini: kama ni dengue zinaweza kuleta kutokwa damu. Meza paracetamol, kunywa maji, nenda ukapime.

MAJI NA CHAKULA

Hapa nitapita haraka. Kunywa maji ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, na sukia meno hayo hayo. Barafu ya juisi ya miwa hutengenezwa kwa maji ambayo hujui yametoka wapi. Mishikaki, mihogo na pweza wa ufukweni ni vitamu, kula vikiwa vya moto kutoka kwenye moto. Kipindupindu kilianza Dar es Salaam Agosti 2015 kikaenea mikoa mingi na visiwani, kwa hiyo si hadithi. Ukiharisha, koroga sukari vijiko 6 vya chai na chumvi NUSU kijiko cha chai, vyote visawazishwe, katika lita moja ya maji salama. Kunywa kidogo kidogo. Kuhara maji mengi kama ya mchele ni safari ya hospitali mara moja.

"SISTA, ZANZIBAR SI HAKUNA MALARIA?"

Swali hili naulizwa kila Desemba. Zanzibar imefanya kazi kubwa, maambukizi yakashuka chini ya asilimia 1. Lakini mwishoni mwa 2023 wagonjwa waliongezeka tena. Kidogo si sifuri. Na wengi wa kwenda Unguja hulala kwanza Dar es Salaam kungoja boti.

UKISHARUDI: HAPA NDIPO WATU WANAPOFIA

Kimelea cha malaria huhitaji siku 7 au zaidi kabla ya kukuangusha, mara nyingi siku 10 hadi 14, na kwa wengine hata miezi. Maana yake utaugulia huku, ukiwa umeshaanza kazi na umesahau gesti. Muuguzi wa Johannesburg haoni malaria kila siku kama wa Tanga. Akiona homa na mwili kuuma, atafikiria mafua. Anayejua ulilala wapi ni wewe peke yako.

Basi shika kanuni hii: HOMA YOYOTE NDANI YA MIEZI MITATU BAADA YA SAFARI NI MALARIA MPAKA KIPIMO KISEME SIYO. Hata kama ulimeza kinga. Nenda siku hiyo hiyo, na sentensi yako ya kwanza iwe: "Nimetoka Afrika Mashariki, naomba nipimwe malaria." Kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa jibu kwa muda wa dakika ishirini hivi. Kikisema hapana na homa ikiendelea, rudi ukapimwe tena kesho yake, na keshokutwa. Usimeze dawa mseto uliyobakiza kutoka nyumbani kisha ukalala. Unaweza kuficha ugonjwa bila kuuponya.

Dalili za hatari ni hizi: kuchanganyikiwa, degedege, macho ya manjano, mkojo mweusi, kupumua kwa shida, kutapika kila kitu, kushindwa kukaa. Ukiziona usingoje asubuhi. Piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi.

Najua wapo wanaoogopa kliniki kwa sababu ya makaratasi. Wapo waliofukuzwa mlangoni, wakarudi nyumbani na homa yao. Jueni haki yenu. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996, kifungu cha 27(3), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haikusema raia, imesema mtu. Na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 6 hutibiwa bure katika hospitali za umma bila kujali uraia wala vibali. Ukikataliwa, omba kwa upole kuonana na msimamizi, na usiende peke yako. Mchukue jirani mwenye Kiingereza au Kizulu.

TUKUMBUSHANE

- Kinga umeze mpaka dozi iishe, hata ukiwa umesharudi.
- Chandarua kizima, kila usiku, na mtoto ndani yake kabla ya giza.
- Dawa ya mbu mchana pia.
- Homa baada ya safari: pima siku hiyo, na useme ulikotoka.

Nendeni mkawaone wazee, mle madafu, watoto wacheze mchangani. Tunataka Januari tukutane tena hapa Rockey Street tukisimuliana habari za nyumbani, si kuchangishana pesa za kusafirisha mwili. Kinga ni bora kuliko tiba.

Safari njema.

Ni mimi Sista wenu,
Bellevue, Johannesburg