Namna ya Kuhesabu Ndoo Katika Kituo cha Maji kwa Kihesabio cha Kidijitali



Katika vituo vya kuchotea maji vijijini, swali moja hurudi kila mapato na matumizi yanaposomwa: ni ndoo ngapi zilizochotwa, na fedha zake ni kiasi gani? Pasipo hesabu iliyoandikwa, jibu hutegemea kumbukumbu ya mhudumu wa kituo. Kumbukumbu ikipungua, lawama humwangukia yeye, hata pale ambapo hana kosa. Fedha zikipungua, pampu ikiharibika hakuna cha kununulia kipuri. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 inatambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Vyombo hivyo ni vya wananchi wenyewe. Kwa sababu hiyo, kujua kuhesabu na kusoma hesabu si kazi ya mhasibu peke yake. Somo la toleo hili linaeleza jinsi kifaa kidogo cha bei nafuu kinavyoweza kusaidia.

Kifaa chenyewe

Kifaa hiki hutoshea kiganjani, na kingine huvaliwa kidoleni kama pete. Wengi wanakifahamu kama tasbihi ya kidijitali. Hapa tutakiita kihesabio. Kina kitufe kikubwa cha kuongeza moja, kioo cha kuonesha namba, na kitufe kidogo cha kurudisha sifuri. Hutumia betri ndogo ya duara inayofanana na ya saa ya mkononi. Asiye nacho anaweza kutumia programu ya kuhesabu katika simu, au karatasi na kalamu kwa njia ya zamani: vijiti vinne vilivyosimama na cha tano kuvikata kwa mshazari.

Hatua ya kwanza: amueni mnahesabu nini

Tunakumbuka Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022. Karani hakuuliza tu idadi ya watu wa nyumbani. Aliuliza ni nani waliolala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya Sensa. Kipimo hicho kilizuia mtu mmoja kuhesabiwa mara mbili au kuachwa.

Kituo cha maji nacho kinahitaji kanuni ya namna hiyo. Kanuni nyepesi ni hii: bonyeza mara moja kila ndoo ya lita 20 inapoondolewa bombani ikiwa imejaa. Usibonyeze kwa kutazama foleni, wala usisubiri kupokea fedha. Madumu mawili ya lita 10 yahesabiwe kama ndoo moja. Maji yanayotolewa bila malipo, kwa mfano kwa mzee aliyesamehewa, nayo yabonyezwe, kisha idadi yake iandikwe pembeni. Maji ni yale yale, yawe yamelipiwa au hayakulipiwa.

Hatua ya pili: andikeni kabla ya kufuta

Kihesabio hakina ushahidi wa kudumu. Betri ikiisha, au mtoto akibonyeza kitufe cha sifuri, kazi ya siku nzima hupotea. Kwa hiyo namba iandikwe daftarini walau mara tatu: asubuhi kituo kinapofunguliwa, adhuhuri, na jioni kinapofungwa. Kila safu iwe na tarehe, saa, namba iliyosomwa, ndoo za msamaha, fedha zilizopokelewa na sahihi za watu wawili. Namba isirudishwe sifuri kabla ya sahihi ya pili.

Hatua ya tatu: linganisheni na dira ya maji

Namba moja peke yake haisemi mengi. Ikipata mwenzake wa kulinganishwa naye, huanza kusema. Mwenzake wa kihesabio ni dira ya maji. Uniti moja ya dira ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Katika dira zilizozoeleka, tarakimu nyeusi huonesha uniti kamili, na nyekundu huonesha sehemu za uniti.

Tuchukue mfano. Asubuhi dira inasoma 1,482, na jioni inasoma 1,490. Zimetumika uniti 8, yaani lita 8,000, ambazo ni sawa na ndoo 400. Kihesabio kinaonesha ndoo 368. Zinakosekana ndoo 32. Ikiwa ndoo moja ni shilingi 50, pengo hilo ni shilingi 1,600 kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba: kwa siku 30 ni shilingi 48,000, na kwa siku 365 ni shilingi 584,000.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kusema kwamba mhudumu ameiba. Tusiseme hivyo kabla ya vipimo viwili.

Kipimo cha kwanza ni cha usiku. Jioni fungeni mabomba yote ya kituo, msome dira pamoja na tarakimu nyekundu, kisha msome tena alfajiri kabla ya ndoo ya kwanza. Dira ikiwa imesogea ilhali hakuna aliyechota, kuna bomba linalovuja baada ya dira, na anayehitajika ni fundi.

Kipimo cha pili ni cha ndoo. Chota ndoo 10 kwa namna ileile ambayo watu huchota kila siku, huku ukitazama dira. Kama kila ndoo ingekuwa na lita 20 kamili, dira ingesogea kwa lita 200. Lakini ndoo ikijazwa mpaka ukingoni hubeba zaidi. Tuseme dira imesogea kwa lita 216. Hiyo ni lita 21.6 kwa ndoo. Zidisha mara 368, utapata takribani lita 7,949. Limebaki pengo la lita 51 tu, kiasi kinachoweza kuwa kimetumika kusuuzia ndoo. Mhudumu hakuiba kitu. Maji yaliondoka kituoni mbele ya macho ya wote, kidogo kidogo, juu ya vichwa vyetu.

Baada ya kujua hilo, uamuzi ni wa wananchi: ama kuweka alama ya lita 20 katika ndoo, ama kukubali ujazo huo na kuuingiza katika hesabu. Kuachia pengo bila maelezo ndiko kunakozaa fitina. Na iwapo vipimo vyote viwili havikulieleza pengo, basi uongozi una sababu halali ya kuuliza maswali, ukiwa na daftari mkononi badala ya uvumi.

Matumizi mengine

Njia hiyohiyo hufaa kwingineko: ng'ombe wanaopita katika josho, wajumbe wanaoingia mkutanoni, magunia yanayopakiwa ghalani, au wagonjwa wanaofika zahanati kwa siku. Popote mtakapohesabu, zingatieni mambo matatu: kanuni moja ya kuhesabu, daftari, na kipimo cha pili cha kulinganisha. Josho lina kumbukumbu za dawa iliyotumika. Ghala lina mizani. Zahanati ina rejesta.

Zoezi kwa wasomaji

Katika mkutano ujao wa kijiji, taarifa ya maji itakaposomwa, ombeni kusikia namba tatu kwa kila kituo: uniti za dira, ndoo za kihesabio, na fedha zilizopokelewa. Zikikaribiana, mpongezeni mhudumu hadharani, kwa kuwa amestahili. Zikiachana, ombeni vipimo viwili vifanyike kabla ya kumtaja mtu yeyote kwa jina.