Somo la Ndoa: Mke Aliyerudi

Twataka kulitazama neno la ndoa kwa njia ya picha ya sinema iliyotolewa Marekani mwaka 1919, zamani za picha zisizo na sauti. Jina lake maana yake ni “Usimbadili Mume Wako”. Aliyeiongoza ni Cecil B. DeMille, ndiye yule aliyetoa picha ya Amri Kumi mwaka 1923.

Bibi Leila ana mume tajiri, mfanya biashara ya gundi. Mali haikosekani nyumbani. Lakini bwana huyu hunuka vitunguu, humwaga majivu ya sigara, tena husahau siku ya ukumbusho wa arusi yao. Basi Leila amwacha, aolewa na kijana mtanashati mwenye maneno matamu. Kumbe huyo ni mcheza kamari, tena ana mwanamke mwingine! Mwisho amrudia mume wa kwanza, ambaye amekwisha kujitengeneza, hata masharubu ameyanyoa.

Picha hii ni ya kuchekesha, wala hatuwalaumu waliocheka. Lakini Mafarisayo katika Mathayo 19 waliuliza neno lilo hilo: je, kila sababu yatosha, hata vitunguu?

Tena kuna jambo lililo gumu zaidi. Torati, katika Kumbukumbu 24:1-4, yamkataza mume wa kwanza kumtwaa tena mke aliyekwisha kuolewa na mwingine. Bali Hosea 3 yatuonyesha mume aliyeamriwa kumpenda tena mke mzinzi. Walimu, someni sura hizi mbili pamoja na wazee wa usharika, kabla hajaja mlangoni mwenu mke wa namna hii akitaka kurudi kwake.