Video Inapoganda Dima wa Tayyin

Usiku wa kuamkia Ijumaa ndio mgumu kuliko yote kwa anayetaka kutazama video Dima wa Tayyin. Katikati ya wiki kijiji ni cha wazee, watoto na wafanyakazi wa mashamba. Alhamisi alasiri magari yanapanda kutoka Maskati, na ikifika saa 2 usiku kila nyumba ina simu tano sita zinazovuta mnara mmoja. Mimi ni mmoja wa hao wanaopanda, na kwa kuwa mkate wangu ninaupata kwenye kompyuta, jamaa wameshaamua kwamba televisheni zao nazo ni zangu. "Mwanangu, hebu njoo uitazame hii, inazunguka tu," ataniambia shangazi kabla sijateremsha kikombe cha kahawa.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaoitwa hivyohivyo, wawe Ibra, Sur, Nizwa au Mwanakwerekwe kule Unguja. Kanuni yangu ni moja: kabla hujagusa rimoti, isome skrini. Kuganda, kukataa, kuwa nyeusi na kuwa na ukungu ni maradhi mbalimbali yenye dawa mbalimbali. Nimeona vijana wakiingia kwa pupa, wanafuta programu, wanazima ruta, wanabadili nywila, yote kwa mkupuo. Ikipona, hawajui ni nini kilichoiponya, na Alhamisi inayofuata wanaanza upya. Badili kitu kimoja, jaribu, kisha ndipo uguse cha pili.

Na mwenye televisheni umuulize kwa adabu. Kizazi cha shangazi kiliijua televisheni ya rangi kikiwa bado Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Televisheni ya Oman ilianza matangazo tarehe 17 Novemba 1974. Mzee aliyeyaona yote hayo ataweza kukueleza kama picha ilianza kusumbua jana au tangu mwezi uliopita, na kama inasumbua usiku tu au hata asubuhi. Jibu hilo lina thamani kuliko dakika ishirini za kubonyezabonyeza.

Tuanze na duara, maana ndilo linaloniita mara nyingi. Inacheza, inazunguka, inacheza tena. Tatizo liko njiani, na programu yenyewe mara nyingi haina kosa. Video haitiririki kama maji ya mfereji wa falaji. Inakuja vipande vipande, kila kimoja cha sekunde chache, na kila kipande kimeandaliwa katika ubora wa aina kadhaa. Programu hutazama kipande kilichopita kilichukua muda gani kufika, kisha huagiza kinachofuata, kizito au chepesi. Vilivyotangulia kufika hukaa akiba vikingoja zamu. Ukiona duara, akiba imekwisha na kipande kipya bado kiko njiani.

Ndiyo maana kasi kubwa peke yake haisaidii. Netflix wanapendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720, megabiti 5 kwa picha ya 1080, na 15 kwa 4K. Tamthilia ya shangazi itatosheka na 5, lakini 5 zisizokatika. Mtandao unaoruka hadi 60 halafu ukazimika kwa sekunde kumi utakuletea duara, na kipimo cha kasi kitaendelea kukuonyesha namba nono.

Basi pima, lakini pima kwa akili. Simama kando ya ruta na simu yako, upime. Nenda mbele ya televisheni, upime. Kisha zima waifai, upime kwa data ya simu yenyewe. Fanya hivyo saa ileile inayosumbua. Kipimo cha saa 4 asubuhi hakikuambii lolote kuhusu saa 3 usiku. Kando ya ruta kukiwa kuzuri na mbele ya televisheni kubaya, tatizo liko ndani ya nyumba. Kote kukiwa kubaya, tatizo liko nje. Zaidi ya hapo, vipimo vingi huchagua seva iliyo karibu nawe, na filamu unayoitaka huenda inatoka mbali zaidi. Mimi hutumia pia fast.com, ambayo ni ya Netflix wenyewe na hupima njia ya kwenda kwenye seva zao.

Tatizo la nje, kwetu, mara nyingi ni mlima. Vijiji vya wilaya yetu vimejificha ndani ya Hajar ya Mashariki, kaskazini mashariki ya Ibra, kando ya mawadi ambayo maji yake huteremkia upande wa Quriyat, kwenye bwawa la Wadi Dayqah. Mawimbi ya mnara hayapendi jiwe. Nyumba mbili zilizopakana zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa, moja inauona mnara kupitia mwanya wa bonde, nyingine ina kilima mbele yake. Kama ruta yako inatumia laini ya simu, mahali ulipoiweka ndipo penye nusu ya matibabu. Watu huiweka sabla, chumba cha wageni, nyuma ya televisheni, kwa sababu soketi iko hapo. Itoe. Ipeleke kwenye dirisha la upande wa mnara, na kama nyumba ina ghorofa, ipandishe. Ruta nyingi zina ukurasa wa mipangilio wenye namba iitwayo RSRP: ikiwa karibu na -85 una mawimbi mazuri, ikishuka hadi -110 usitegemee muujiza. Isogeze ruta kutoka dirisha hadi dirisha huku ukiitazama namba hiyo. Ni kazi ya robo saa, na kwangu imeponya nyumba nyingi kuliko ruta mpya.

Ndani ya nyumba adui ni ukuta wa zege. Waifai ya gigahezi 5 ina kasi lakini huchoka ikipita kuta mbili. Ya gigahezi 2.4 ni ya polepole na hufika mbali. Ruta nyingi hutoa majina mawili, na la pili huishia na "5G", basi watu hulikimbilia wakidhani ndiyo ile 5G ya mnara. Hazihusiani. Televisheni ikiwa chumba cha tatu kutoka kwenye ruta, iunganishe na 2.4. Na kama inawezekana kupitisha waya wa mtandao, pitisha waya, hata ukionekana mbaya ukutani. Wanawake wa nyumba watalalamika wiki moja, kisha watasahau.

Mpira una mambo yake. Mtu ataniambia, "Tamthilia inacheza vizuri, mbona mechi inaganda?" Filamu iliyorekodiwa inaweza kujiwekea akiba ya dakika nzima mbele. Matangazo ya moja kwa moja hayawezi, kwa sababu dakika hiyo bado haijachezwa uwanjani. Akiba ni ya sekunde chache, na mnara ukisita kidogo tu, duara limefika. Juu ya hayo, Oman iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja, kwa hiyo Simba na Yanga wakianza saa 11 jioni Dar es Salaam, kwetu ni saa 12, na kipindi cha pili kinaangukia muda ambao kila mtu amerudi ndani na simu mkononi. Programu ikikubali, simamisha mechi kwa dakika moja mwanzoni halafu iache iendelee: utakuwa nyuma ya uwanja, lakini utakuwa na akiba. Hasara yake ni kwamba kundi la familia la WhatsApp litakuletea bao kabla halijafungwa. Weka simu kimya. Kisha chagua ubora mwenyewe, 480, badala ya kuiachia programu ipande na kushuka. Mimi napendelea mpira wa 480 usiokatika kuliko kuziona nyasi vizuri na kulikosa bao.

Skrini ikikataa kwa maandishi, yasome yote, hata kama ni Kiingereza kigumu. Yakisema maudhui hayapatikani ulipo, acha kuhangaika na ruta. Haki za kuonyesha ligi na filamu huuzwa kwa nchi, na kituo kinachoonyesha mechi Tanzania huenda hakina ruhusa ya kuionyesha Oman. Tafuta nani mwenye haki huku, au subiri marudio yaliyowekwa wazi. Kuhusu VPN sitoi mafunzo: hapa mawasiliano yana sheria zake na msimamizi wake, TRA, na sitaki shangazi abebe mzigo wa ushauri wangu. Nitasema hili tu: mara kadhaa nimekuta VPN iliyoachwa inafanya kazi kwenye simu, imewekwa na mtu kwa ajili ya kupiga simu nyumbani, na ndiyo iliyokuwa ikiifanya programu ya video ikatae au ijikokote. Iangalie kabla ya mengine.

Maandishi yakitaja idadi ya vifaa, hesabu familia. Akaunti moja inatumika Dima, hiyohiyo inatumika Al Khuwair, Maskati, kwa mpwa, na kuna binamu Unguja aliyepewa nywila siku ya harusi. Na kama kifurushi hulipiwa kwa pesa za simu kule Tanzania, mpigie ndugu anayelipa kabla hujafungua kitu. Kimeisha, na ameona haya kusema.

Kosa linalowachanganya watu kuliko yote ni la saa. Nyumba imefungwa msimu mzima wa joto, umeme umezimwa, wenyewe wamehamia Maskati. Wanarudi, wanawasha, na baadhi ya televisheni zinaamka zikiamini ni mwaka mwingine kabisa. Programu zote zinasema hakuna mtandao, ilhali simu zinafanya kazi. Sababu ni kwamba kila mawasiliano na seva hulindwa kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Televisheni yenye tarehe ya uongo hukiona cheti kizuri kuwa ni batili, na hufunga mlango. Nenda kwenye mipangilio, weka tarehe, chagua majira ya Maskati, zima na uwashe.

Kinyume chake pia kipo: saa ni sahihi, lakini kifaa ni kizee. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi sana duniani kiliisha muda wake, na vifaa vya zamani ambavyo havikuwa na kipya vikaanza kukataliwa huku na kule. Netflix nao mwezi Desemba 2019 waliacha kuhudumia baadhi ya televisheni za Samsung za 2010 na 2011. Televisheni ya namna hiyo usiitupe. Kioo chake bado kizima. Inunulie kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI, kiwe ndicho akili yake.

Kijiti nacho kina ugonjwa wake, nao ni joto. Kikibanwa nyuma ya televisheni, ukutani, mwezi wa Juni na kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kitacheza vizuri dakika ishirini kisha kitaanza kusuasua, kwa sababu kinapunguza kasi yake kisiungue. Kiguse. Kikikuchoma kidole, umepata jibu. Tumia kile kiwaya kifupi cha HDMI kinachokuja kwenye boksi ili kitoke nje kipumue.

Sauti ipo na picha nyeusi? Chomoa kigawanyaji cha HDMI au adapta ya bei rahisi iliyo katikati, unganisha moja kwa moja. Filamu za kulipia hudai kila kifaa cha njiani kikubali ulinzi wa nakala, na kisichokubali hunyimwa picha. Ulinzi wa namna hiyo ndio unaofanya baadhi ya simu za bei nafuu zionyeshe ukungu hata kwenye mtandao mzuri: hazina kiwango cha ulinzi kinachotakiwa, basi hupewa ubora wa chini tu. Hapo hakuna mpangilio wa kubadilisha.

Kufuta akiba ya programu, kusasisha, kuifuta na kuisakinisha upya, hayo yafanye mwisho, na kabla ya hatua ya mwisho hakikisha kuna anayeikumbuka nywila.

Kwa filamu na tamthilia, mimi siku hizi nashusha nikiwa Maskati, Jumatano usiku, kwenye tableti ambayo shangazi ameizoea. Saa moja ya ubora wa kati kwenye Netflix ni kama gigabaiti 0.7. Angalia muda wa kuishi tu, maana baadhi ya filamu ulizoshusha hufungika saa 48 baada ya kuanza kuzitazama.

Na kama umesogeza ruta, umepima na bado kote ni kubaya, piga simu kwa kampuni ya laini yako ukiwa na vitu mkononi: jina la kijiji, saa, kasi ya asubuhi na ya usiku, namba ya RSRP. "Mtandao mbovu" watakujibu uzime na uwashe. Omba namba ya malalamiko na uiandike, kwa sababu TRA wakipelekewa shauri lako watataka kwanza kujua kama ulianzia kwa kampuni.