MAZUNGUMZO YA NYUMBANI NDIYO WINO WA INSHA

Makala mengi ya kufunza insha huanza na orodha ya misamiati. Mimi leo naomba nianze na kosa langu mwenyewe, maanake wahenga walisema, kuuliza si ujinga, nami nilikuwa mjinga kwa kutouliza.

Nina mdogo wangu wa kiume, yuko Gredi ya Tano. Kwetu ni Likoni, si mbali na kivuko. Siku moja walipewa insha, "Siku Ambayo Sitaisahau". Mdogo wangu akaandika mistari mitatu: "Nilipanda feri. Watu walikuwa wengi. Tukafika salama." Mwalimu akatia wino mwekundu: "Fupi mno. Andika upya."

Basi mimi, kwa kujiona bingwa, nikamwambia, "Lete hapa!" Nikaiandika yote, yeye akanakili. Nikaijaza mawio, macheo, umati wa watu kama siafu, na mapambo mengine yote niyajuayo. Kesho yake mwalimu alimwita mbele, akamwuliza, "Macheo ni nini?" Mdogo wangu akabaki kimya. Darasa zima likacheka. Jioni ile hakula. Tangu hapo, ukimwuliza habari za shule hujibu "poa", basi. Nilidhani namsaidia, kumbe nimemfunga mdomo.

Aliyemfungua ni mamangu. Yeye hukaanga viazi karai nje ya nyumba kila jioni, na husema mwenyewe ati shule yake iliishia darasa la nne, hajui insha. Jumamosi moja alimweka mdogo wangu amenye viazi. Mimi niko mlangoni na vitabu vyangu, nikasikia:

"Ile siku ya feri, mwanangu, mlisimama wapi?"

"Pale kati, karibu na magari."

"Ehe, ikawaje?"

"Si kuna nyanya mmoja, kapu lake likapasuka! Maembe yakabiringika chini ya magari. Watu wakayafukuza. Mimi nikadhani wanaiba."

"Kumbe?"

"Kumbe wanamwokotea! Mzee mmoja akailaza baiskeli yake, akaingiza mkono chini ya lori. Yule nyanya akahesabu, akaona limepungua moja."

"Lilikwenda wapi?"

Mdogo wangu akanyamaza kidogo. "Nilikuwa nalo mimi, ndani ya shati."

Mamangu hakumkemea. Aligeuza viazi, akauliza tu, "Ukalifanyaje?"

"Nikamkimbilia kwenye kile kilima cha kutokea, nikampa. Akanirudishia, akasema, 'Chukua, mjukuu wangu.' Lakini sikuweza kulila."

Msomaji, niliweka kalamu chini. Kumbe siku nzima ile ilikuwa kichwani mwake! Hakukosa maneno, alikosa mtu wa kumwuliza.

Je, mamangu alifanya nini ambacho mimi sikukifanya? Nimekifikiri sana, na haya ndiyo mafunzo niliyoyapata.

Kwanza, aliuliza maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" au "la". Ukimwuliza mtoto, "Ulifurahi?" atajibu "ndiyo" na mazungumzo yamekufa. Muulize: Mlisimama wapi? Nani alikuwepo? Ulisikia nini? Ikawaje? Majibu ya maswali hayo ndiyo aya za insha.

Pili, aliitikia. Hili si geni kwetu. Anayetega kitendawili husubiri aambiwe "Tega!" na mtambaji akisema "Paukwa!" hungoja "Pakawa!" Wazee wetu walijua kwamba hadithi haiendi bila mwitikiaji. "Ehe" na "kumbe" za mamangu zilifanya kazi hiyo hiyo. Siku hizi mtoto husimulia huku sisi macho yako kwenye simu. Nani atamwitikia?

Tatu, hakumsahihisha katikati. Sisi watu wa Mombasa tuna Kiswahili chetu cha nyumbani. Nyanya akiniita husema "ndoo", kitabu chasema "njoo". Yeye husema "mato", kitabu chasema "macho". Na sisi vijana husema "nshamwambia" badala ya "nimeshamwambia". Ukimkatiza mtoto kwa kila neno, ataacha kusimulia. Mwache aseme kwanza kwa lugha yake. Kama kwao ni Kidigo au Kigiriama, aseme kwa hicho pia. Usanifu uje wakati wa kuandika, wala lugha ya nyumbani si ya kuonewa haya.

Nne, hakumhukumu. Lau angefoka alipolisikia lile embe, tusingejua mwisho wake, na hapo ndipo palipokuwa na insha yenyewe.

Usidhani haya ni mambo ya jikoni tu. Tazama historia ya pwani yetu. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Anaanza kwa kumwita mwanawe akae karibu na alete wino na karatasi. Ni mazungumzo ya mama na mwana, na mpaka leo yanasomwa. Muyaka bin Haji, malenga wetu wa Mvita, alifariki mnamo mwaka 1840, lakini mashairi yake mengi yalidumu vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua akasaidiana na Mwingereza W. E. Taylor kuyakusanya na kuyaandika, miongo kadhaa baadaye. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940. Bila watu kukaa na kusemezana, karatasi ingepata wapi cha kubeba?

Hata sisi wa Kidato cha Tatu tunahusika. Katika KCSE, karatasi ya Insha ina alama 40. Unaandika insha mbili, na ya kwanza ni ya lazima. Wengi wetu tunakariri utangulizi mmoja tunaoubandika kila mahali. Mtahini, kama yule mwalimu wa mdogo wangu, hujua nguo ya kuazima.

Sasa nimalizie kisa. Jioni ile ile mdogo wangu aliketi chini ya taa akaandika. Mimi sikugusa kalamu. Alipomaliza alimsomea mamangu kwa sauti. Mamangu akasema, "Mbona sijaisikia ile baiskeli?" Akarudi akaiongeza. Kisha ndipo nikamwonyesha makosa ya tahajia, naye akayasahihisha mwenyewe. Ilitoka ukurasa mmoja na nusu. Makosa yalibaki, siwezi kudanganya. Mwalimu aliandika chini yake: "Hii sasa ni yako."

Mamangu aliniuliza yale maandishi mekundu yasemaje. Nilipomsomea, akacheka, akasema, "Na mimi nilidhani sijui insha!"

ZOEZI: Leo usiku, mtafute mdogo wako, au mtoto wa jirani, wakati mikono yenu ina kazi: mwaosha vyombo au mwachambua mchele. Mwulize jambo moja aliloliona leo. Usiulize zaidi ya maswali matano, na usimsahihishe. Halafu mpe karatasi aandike alichokusimulia, akusomee, nawe umwambie ulipotaka kusikia zaidi. Makosa ya herufi yaje mwisho kabisa.

Nami nakwenda kumenya viazi, maana zamu ni yangu. Wasalaam.