Mali ya Umma ni Amana: Hukumu ya Mlinzi Aliyekula Alichokabidhiwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Katika darasa yetu liliulizwa suala hili: mtu amekabidhiwa funguo za ghala au fedha za umma, naye akazila, mbona vitabu vyasema mkono wake haukatwi? Baadhi ya wenzetu wakafahamu kuwa basi kosa lake ni jepesi kuliko la mwizi wa kuku. Fahamu hii ni mbovu, na madhara yake twayaona.

Kosa hili katika sharia huitwa ghululi. Asili yake ni kuficha kitu cha ngawira kabla hakijagawanywa, kisha likaenea kwa kila mtumishi achukuaye katika mali ya umma iliyo mkononi mwake. Mwenyezi Mungu ametuonya katika Sura ya Aali Imran, aya ya 161, kwamba mwenye kulitenda atakuja Siku ya Kiyama na hicho alichokificha. Na katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume s.a.w. amefunza kuwa aliyepewa kazi kisha akaficha hata sindano, hiyo ni ghululi.

Zingatieni kisa cha Mid'am, mtumwa aliyekuwa akimtumikia Mtume s.a.w. Baada ya vita vya Khaibar alipigwa mshale akafa, na watu wakampongeza kwa kupata shahada. Mtume s.a.w. akawakanya, akawaeleza kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira yamuwakia moto. Kusikia hayo, mtu mmoja akaja mbio kurudisha ukanda wa kiatu. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya shuka moja, itakuwaje mwenye kula dawa za wagonjwa?

Sasa turudi kwenye suala. Mkono haukatwi kwa sababu mbili. Ya kwanza, wizi unaokatiwa mkono ni kutwaa kwa siri kitu kilichohifadhiwa na mwenyewe. Huyu kitu ki mkononi mwake kwa idhini, basi yeye ni haini, na haini ana hukumu yake. Ya pili, mali ya masilahi ya umma kila raia ana haki ndani yake. Hapo pana shubha, na hadi huondolewa kwa shubha. Hii ndiyo kauli ya wanazuoni wengi, na Imamu Shafi ni katika wao. Imamu Malik ameona hukatwa. Lakini hakuna imamu hata mmoja aliyesema kuwa aliyekula ameachiwa.

Yamlazimu mambo matatu. Kwanza, dhambi kwa Mola wake. Pili, dhamana: alipe alichokila. Tatu, taaziri, yaani adhabu aionayo mtawala kuwa yafaa, kama kufungwa na kuuzuliwa.

Na wako wasemao: "Mimi nimekopa tu, mwisho wa mwezi nitarudisha." Huyu na ajue kuwa mwenye amana halipi kitu kikipotea pasipo uzembe wake, lakini akishakitumia bila ya idhini, uaminifu umemtoka na dhamana imemshika. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, hata akikirudisha mahali pake harudi kuwa mwaminifu mpaka mwenyewe amuaminishe upya. Kurejesha kwa siri hakumtoi katika dhamana.

Sheria ya nchi yetu nayo haikulidharau jambo hili. Kifungu cha 280 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chaweka kifungo cha hadi miaka 7 kwa mtumishi wa serikali mwenye kuiba alichokabidhiwa kwa kazi yake. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2003 imefika kifungo cha miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Na aliyejipatia faida kwa kosa hilo hutozwa faini nyingine mara mbili ya alichopata. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 226, yamlazimisha mkubwa aliyeidhinisha matumizi yaliyo kinyume cha sheria kulipa hasara, hata akiwa ameshatoka kazini. Hiyo ndiyo dhamana tuliyoitaja.

Ndugu zangu, lililobaki latuhusu sisi. Mtu hula mali ya umma, kisha akaleta mabusati msikitini, nasi tukamuombea dua na kumkalisha safu ya mbele. Je, tumesahau kuwa Mtume s.a.w. ameeleza katika hadithi moja kwamba sala haikubaliwi bila tohara, wala sadaka itokanayo na ghululi? Mali hiyo ina wenyewe. Toba yake ni kuirudisha ilikotoka, siyo kuigawa apendako. Nasi tulio washika hazina wa misikiti na vyuo tuanze kwa nafsi zetu: daftari liwe wazi, na hesabu isomwe mbele ya jamaa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waaminifu kwa tulivyokabidhiwa. Wallahu aalam.